Mizani ya Tarumbeta

Mwiga tembo, wahenga walisema, hupasuka msamba. Methali hii hutupiwa kijana anayekaa na santuri siku nzima akirudia, noti kwa noti, solo la mpiga tarumbeta aliyemtangulia. Huambiwa kuwa anajitia pingu, na kwamba kubuni papo hapo hakutokani na kunakili. Katika muziki wa salsa hoja hiyo haisimami, na sababu zake zinatuhusu sisi watu wa mashairi.

Tumsikilize Alfredo Armenteros, maarufu kwa jina la Chocolate, aliyezaliwa Ranchuelo, Cuba, mwaka 1928, akafariki New York mwaka 2016. Hutoa kauli fupi, akanyamaza. Huirudia, akaugeuza mwisho wake. Sikio geni laweza kudhani kuwa ana uhaba wa noti, kumbe ule ukimya umepimwa. Chini ya solo hupita klave, mapigo matano ya vijiti viwili: matatu upande mmoja, mawili upande wa pili, au kinyume chake. Hata vijiti visiposikika, kila mpigaji huyabeba mapigo hayo moyoni. Hiyo ndiyo mizani ya salsa. Anayenakili noti bila kuisikia klave ameshika vina akaacha mizani. Tungo yake yaonekana shairi, lakini haighaniki.

Jambo la pili ni kiitikio. Katika sehemu iitwayo montuno, mwimbaji hutoa na waitikiaji hupokea, na tarumbeta huingia mahali hapo penye mazoea ya kujibizana. Solo zuri, kwa hiyo, si hotuba. Ni mjibizano, kama malumbano yetu, ambamo mshairi huchukua vina vya mwenziwe ili apindue maana.

Basi santuri isomwe hivyo. Kwanza solo liimbwe kwa mdomo, mikono ikipiga klave, kabla tarumbeta haijaguswa. Kisha mwanafunzi ajiulize kwa nini bwana alinyamaza pale, na kauli ile ilikuwa inajibu nini. Mwisho abakize mwanzo wa kauli, atunge mwisho wake mwenyewe. Anayekomea hatua ya kwanza ni kasuku. Anayeiruka ni mropokaji.

Vitabu vya solo zilizoandikwa kwa noti vina faida, ila karatasi haichukui kule kuchelewa kidogo nyuma ya pigo wala uzito wa pumzi. Mimi mfasiri naijua hasara hiyo: maneno yote huweza kuvuka, sauti ikabaki ng'ambo.

Wala njia hii si ngeni Afrika. Kuanzia mwaka 1933 santuri za Cuba zenye alama ya GV ziliuzwa barani, na wanamuziki wa Kongo wakazisoma kwa masikio. Walianza kwa kuiga, wakafika kwenye rumba yenye gitaa na lugha zao. Huku kwetu, Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba, akaimba Kiswahili. Deni lilikuwa wazi, na sauti ilikuwa yake.

Leo tunasikia washairi chipukizi wakisema hawataki kusoma tungo za kale, wasije wakapoteza sauti zao. Tuwaulize kwa upole: asiyewahi kumsikiliza mtu hadi mwisho, atajibu nini, na amjibu nani?