Springi na Shokamzoba: Istilahi Ilingane na Kazi

Istilahi ya ufundi hupimwa kwa kazi ya kitu kinachotajwa, wala si kwa uzuri wa sauti yake pekee. Tuchukue Land Rover Series III, gari lililoundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Gari hilo hubebwa na springi za mabapa, mbele na nyuma. Mabapa yakichoka hupoteza mkunjo, bodi hushuka, na tairi laweza kusugua madigadi kila gari liingiapo shimoni.

Mwenye gari aliyefundishwa kwamba shokamzoba ni “kifyonza mshtuko” hununua shokamzoba mpya. Kimo cha gari hakibadiliki, na tairi huendelea kulika. Kosa limo katika tafsiri sisisi. Springi ndiyo ibebayo uzito na kupokea mshtuko. Shokamzoba hutuliza mchezo wa springi baadaye. Kwa hiyo hatuliungi mkono jina hilo. “Kituliza springi” lingekuwa karibu zaidi na ukweli.

Kadhalika, springi ya mabapa na springi ya koili zitofautishwe, kwa kuwa matengenezo yake si mamoja. Bapa lililovunjika huweza kubadilishwa peke yake, na yaliyolala hurudishiwa mkunjo. Koili iliyochoka hubadilishwa nzima.

Wapo wapendekezao “kamani”. Neno hilo limezoeleka kwa springi ya saa, na libaki huko. Mafundi wa gereji wasikilizwe kabla ya kusanifisha.