Hongera, Mafundi wa Msonge

Safarini Bukoba, usiku ulitukuta Izimbya, tukalazwa ndani ya msonge, nyumba ya asili ya Wahaya. Mwenyeji alitupokea kwa kahawa ya kutafuna, kisha akatandaza nyasi mbichi sakafuni. Mvua ikanyesha hadi alfajiri. Halikupenya hata tone.

Hapo ndipo nilipoiheshimu kazi ya fundi. Hufunga fito kwa duara, akaezeka nyasi kuanzia karibu na ardhi hadi kileleni. Mteremko mkali humwaga maji, na unene wa nyasi hutunza joto. Hakuna msumari wala bati.

Mafundi hawa wanazidi kupungua. Hongera zao ni haki yao. Vijana wa Kagera, kaeni nao mjifunze mapema.