Mbao Tatu Mkononi

Jana kondakta wa matatu ya Kayole alinirudishia chenji ya mbao tatu: moja ya Moi, 1998; moja ya Kenyatta, 2005; moja ya ndovu, 2018, maana Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu kwenye pesa.

Sicily ya kale, miji mingine iligonga nembo zao juu ya sarafu za shaba nyeusi za Syracuse. Alama ya zamani ilibaki ikichungulia.

Ndovu wetu ni msafi mno. Namkubali, lakini hachunguliwi na yeyote. Hizo mbili zikiisha mtaani, mtoto wa Umoja ataona mnyama tu, asijue kuna nyuso tulizozitoa kwa kura.