Kiunzi cha Seli za Ini

Seli ya ini ya mtu mzima ikitolewa mwilini na kutandazwa kwenye sahani ya maabara, haichukui muda kuchoka. Ndani ya siku chache hubapaa, hupunguza kutengeneza albumini, na vimeng'enya vyake vya kuvunja dawa na sumu hufifia. Wala haikubali kuongezeka, ingawa ini likiwa mwilini hata likikatwa theluthi mbili hukua tena na kujaza pengo. Ugumu huo ndio uliowafanya watafiti wazitafute seli za ini kwa njia nyingine: kuzitengeneza kutoka seli shina, kisha kuzijengea makao. Kazi ya kundi la David Hay wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, iliyochapishwa mwaka 2018, ni mfano mzuri wa jinsi jambo hilo lilivyofanyika hatua kwa hatua.

Haja ya seli hizo haiko mbali na mji wa mpakani wa Tunduma. Mahindi ya wilaya za Mbozi na Momba ni chakula cha nyumbani na ni biashara ya mpakani. Yakipukuchuliwa kabla ya kukauka vizuri, au yakirundikwa sakafuni kwenye ghala lenye unyevu, huota kuvu aina ya Aspergillus flavus, inayotoa sumukuvu. Iliyo kali kuliko zote ni aflatoksini B1, ambayo viwango vya Afrika Mashariki vinataka isizidi mikrogramu 5 kwa kilo ya mahindi. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliwapata watu 68, na 20 kati yao wakafariki. La kusikitisha ni kwamba sumu hii huingia mwilini ikiwa bado butu. Vimeng'enya vya ini, katika kujaribu kuivunja, ndivyo vinavyoinoa hadi iweze kung'ang'ania DNA ya seli. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu kwa maradufu. Chanjo ya virusi hivyo iliingia katika ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni kwa utaratibu huo. Ini likishajaa makovu na kushindwa kazi, tiba inayobaki ni kupandikizwa jingine, na maini ya kupandikiza ni machache duniani kote.

Seli shina zinazofaa hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kiinitete cha siku chache, ambacho James Thomson wa Wisconsin alifanikiwa kukuza seli zake mwaka 1998. Ya pili ni seli za kawaida za mtu mzima, kama za ngozi, zinazorudishwa katika hali ya uchanga kwa kuingiziwa jeni nne. Shinya Yamanaka wa Kyoto alifanya hivyo kwa panya mwaka 2006 na kwa binadamu mwaka uliofuata. Kundi la Edinburgh lilitumia seli za aina zote mbili.

Seli shina haiambiwi igeuke ini kwa amri moja. Hupitishwa njia ileile ambayo mimba huipitia. Kwanza hupewa protini za aktivini A na Wnt3a, zinazoielekeza iwe tabaka la ndani la kiinitete, lile linalozaa utumbo, mapafu na ini. Baada ya siku chache mazingira hubadilishwa ili ishike mwelekeo wa ini peke yake. Mwishoni huongezewa homoni na protini za kuikomaza, kwa mfano onkostatini M. Safari nzima huchukua kama wiki tatu, na mchuzi wa kulishia seli hubadilishwa mara kwa mara. Kosa la siku moja huharibu kazi ya siku zote zilizotangulia, maana seli iliyokwisha kushika njia ya utumbo hairudi kuwa ini.

Hadi hapo mtafiti ana seli zenye dalili za ini, lakini zimelala bapa kwenye plastiki. Katika ini halisi kila seli imeshikana na jirani zake pande zote, upande mmoja inagusa damu na upande mwingine inamwaga nyongo. Kundi la Edinburgh lilianza kwa kuziacha seli zijikusanye kuwa vidonge vidogo vya mviringo, na vidonge hivyo vilidumu maabara kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa seli zilizozoeleka kufifia ndani ya siku chache, hayo ni mafanikio makubwa, pengine makubwa kuliko yale ya majaribio ya panya yaliyofuata, ingawa hayo ndiyo yaliyopewa uzito zaidi.

Kisha kikaja kiunzi. Wanakemia na wahandisi walipima polima ambazo tayari zimeruhusiwa kutumika mwilini mwa binadamu, wakachagua polikaprolaktoni, aina ya poliesta ambayo mwili huimeng'enya polepole. Waliisokota kuwa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, zikalaliana na kufanya wavu wa mraba wa sentimita moja, wenye unene wa milimita chache. Mkulima aliyewahi kujenga chanja ya kuanikia mahindi ataelewa mara moja sababu ya umbo hilo. Mahindi yaliyomwagwa chini hupata hewa upande wa juu tu, na ya katikati huvunda. Yakiwa juu ya chanja, hewa hupita kotekote. Seli nazo haziwezi kuishi mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya sehemu ndogo ya milimita, maana oksijeni haisafiri mbali kwenye nyama. Matundu kati ya nyuzi huziachia seli nafasi ya kushika, na huiachia mishipa ya damu njia ya kupenya.

Seli zilizokuzwa kwa siku 20 zilipakiwa kwenye viunzi, na viunzi vikapachikwa chini ya ngozi ya panya. Mishipa ya damu ilichipua ndani yake, na protini za ini la binadamu zikapatikana katika damu ya panya. Jaribio lenye uzito zaidi lilihusu panya wenye tirosinemia, ugonjwa wa kurithi ambamo mwili unashindwa kumaliza kuvunja asidi amino iitwayo tirosini, na mabaki yake yanaliunguza ini. Waliowekewa kiunzi chenye seli walipungua uzito kidogo kuliko wenzao waliowekewa kiunzi kitupu, sumu ilijikusanya kidogo zaidi katika damu yao, na dalili za madhara kwenye ini zilikuwa chache. Kile kiunzi kitupu kina maana kubwa: bila hicho, mtu angeweza kudai kwamba nafuu imeletwa na polima.

Kutoka panya hadi mtu ni mbali. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na seli zake kuu zinapita bilioni 100. Hata sehemu ya kumi ya hizo haienei kwenye wavu wa sentimita moja. Kiunzi kikiongezwa unene, katikati yake hufa kabla mishipa haijafika. Takanori Takebe na wenzake wa Yokohama walilijaribu tatizo hilo mwaka 2013 kwa kuchanganya seli za ini changa na seli za mishipa ya damu tangu mwanzo, na machipukizi yao yaliunganika na damu ya panya ndani ya siku mbili. Njia za nyongo nazo zinabaki swali. Ini lililo chini ya ngozi halina pa kuimwaga.

Tanzania tayari inatibu kwa seli shina za aina nyingine. Hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Tofauti ni kubwa. Seli za uloto hutiwa kwenye mshipa kama damu, nazo hutafuta zenyewe njia ya kurudi ndani ya mfupa. Seli ya ini haina kipaji hicho, na ndiyo maana kiunzi kinahitajika.

Manufaa ya karibu zaidi ya seli hizi za ini ni kupima sumu na dawa. Panya mdogo wa maabara anastahimili aflatoksini B1 zaidi kuliko binadamu, kwa sababu ini lake lina kimeng'enya chenye nguvu cha kuizima ile hali iliyonolewa, kwa hiyo jaribio la panya peke yake hupotosha. Seli za ini la binadamu zinazodumu mwaka mzima zinaweza kupewa sumukuvu kidogo kidogo, kama mlaji wa ugali anavyoipata siku hadi siku, na madhara yakafuatiliwa. Dosari yake inajulikana: seli za maabara hubaki na uchanga, zikiendelea kutoa protini ya ini la mimba, na vimeng'enya vyake vya kunoa sumu ni hafifu kuliko vya mtu mzima. Kwa hiyo kipimo kinachofanywa kwa seli hizo kinahitaji kulinganishwa kwanza na seli zilizotolewa kwenye ini halisi, kabla tarakimu zake hazijatumika kupanga kiwango cha sumukuvu kwenye gunia la mahindi.