Lenzi ya Mchambua Maharage

Mkulima wa Gwarama, wilayani Kakonko, anataka jicho limfanyie kazi tatu: limwonyeshe mtu ajaye ng'ambo ya bonde, limwepushe na makorongo ya njiani, na lione kijiwe ndani ya ungo wa maharage. Jicho la kijana huzimudu zote kwa kuwa lenzi yake hubadili umbo. Lenzi ya plastiki anayowekewa mgonjwa baada ya kutolewa mtoto wa jicho haibadiliki. Huona vizuri umbali uliochaguliwa siku ya vipimo.

Watengenezaji wakaja na lenzi ya umbali mwingi. Usoni mwake ina miduara myembamba inayogawa mwanga: fungu la mbali, la kati na la karibu. Matangazo huahidi kwamba utaaga miwani. Hayasemi kwamba mwanga hauongezeki, na kwamba katika kuugawa, sehemu yake hupotea. Kwenye jua la mchana huenda usijue. Jioni, kwa taa ndogo ya sola, kijiwe chekundu na haragwe jekundu huanza kufanana, na taa ya bodaboda huja imezungukwa na pete.

Kwangu, hata hivyo, tatizo kubwa ni vipimo. Daktari wa macho Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza London, Novemba 1949, mgonjwa alibaki haoni mbali, kwa zaidi ya diopta 10 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), kwa sababu nguvu ya lenzi ilizidi mno. Siku hizi urefu wa jicho hupimwa kwa mawimbi ya sauti au kwa mwanga, na ukikosea milimita 1 tu, matokeo huhama kwa takribani diopta 2.5. Lenzi ya kawaida husamehe: miwani itarekebisha. Ya umbali mwingi haina huruma hiyo. Astigmatizimu, yaani mpindo usio sawa wa uso wa jicho, ya diopta 1 inatosha kuyavuruga mafungu yote. Na upasuaji uliozoeleka kwenye kambi za macho vijijini, wa tundu la milimita 6 hivi lisiloshonwa, mara nyingi huacha kiasi hicho. Mashine inayosaga mtoto wa jicho kwa mtetemo hupitia tundu lisilofika milimita 3, na lenzi huingizwa imekunjwa. Anayetaka lenzi ya umbali mwingi, basi, aifuate kule mashine hiyo iliko.

Mimi ningechagua lenzi mbili za kawaida: jicho moja lipangiwe mbali, la pili liachwe na diopta hasi 1.5. Hilo litaona vizuri kwenye sentimita 67, karibu na pale ungo unapokaa mapajani. Kwa uzi na sindano, ipo miwani ya kusomea. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta kwamba miwani hiyo rahisi iliinua kipato cha waliopewa kwa theluthi moja. Mpango huu lazima uandikwe kwenye kadi kabla ya jicho la kwanza kuguswa, maana la pili huenda likafanywa na daktari mwingine, mwaka mwingine.