Pongezi kwa Waongozi wa Msitu wa Amani

Yeyote aazimuye kuwatazama vinyonga katika milima ya Usambara Mashariki, akajaaliwa kuongozwa na wenyeji wa Amani, hana budi kukiri ya kuwa maarifa yao yastahiki taadhima. Kwani hao humpangia safari usiku, wakijua kwamba kinyonga alalapo hushika ncha ya kitawi, mkia ameukunja mviringo, na rangi yake hufifia hata ikang'aa mbele ya kurunzi. Hawaachi tawi litikiswe, maana akishtuka hujiachia akaanguka. Na yule mdogo afananaye na jani kavu, ambaye mgeni angempita, wao humwona upesi. Ewe msafiri, kabla ya kufunga mizigo, mtafute kwanza mwongozi, umlipe ujira wake kwa ukamilifu.