Askari Wasiotajwa Katika Vita vya Witu

Masimulizi ya vita vya Witu yaelekea sana kwa wakubwa. Mwezi wa Septemba 1890 Mjerumani Küntzel na wenzake waliuawa Witu. Oktoba ilipofika, Fremantle, mkuu wa manowari za Kiingereza, alishusha majeshi Kipini, kwenye mlango wa mto Ozi, nayo yakaenda kwa miguu mpaka Witu. Tarehe 27 mji wa Sultani Fumo Bakari ulitekwa, ukachomwa moto.

Jina la Fremantle twalijua, na la manowari yake, Boadicea, pia. Lakini safarini walikuwamo askari wa Unguja chini ya Lloyd Mathews, na polisi wa Kihindi wa Kampuni ya Kiingereza. Hao aghalabu hupewa mstari mmoja tu.

Ufupi huo ungalivumilika. Kibaya zaidi ni jina lenyewe. "Askari wa Unguja" latuambia ni nani aliyelipa mshahara. Halituambii mtu alizaliwa wapi. Kabla Mathews hajaanza kufundisha jeshi jipya la Sayyid Barghash mwaka 1877, masultani walitegemea sana Wabulushi na Washihiri, yaani watu waliovuka bahari kutafuta riziki kwa bunduki.

Tazama pia jeshi la Wissmann, lililopigana na Abushiri katika Mrima mwaka 1889. Vitabu vyataja "Wasudani" na "Wazulu". Wasudani waliandikwa Cairo, na wengi wao asili yao ni makabila mbalimbali ya Nili ya juu. Hao Wazulu walitoka Msumbiji, nao walikuwa Washangani. (Mwanafunzi asiliamini neno kwa sababu tu limepigwa chapa.)

Jambo hili si la Afrika peke yake. Wakroatia waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, mara nyingi waliandikwa Waaustria, kwa kuwa nchi yao ilitawaliwa na Austria. Anayewatafuta leo hana budi kusoma majina yao na bandari walizotoka, si safu ya taifa.

Waandishi wetu wana udhuru: walifuata taarifa za maofisa, na ofisa huhesabu vikosi. Hata hivyo msomaji ana haki ya kudai zaidi. Wanubi wa Kibera, ambao wazee wao walitumikia jeshi la Kiingereza, wangali wakiitwa kwa jina moja, ingawa wazee hao walitoka katika makabila mengi.